Nimepiga Windows upya, bado kompyuta inakagua diski kila asubuhi

SWALI

Kaka Fundi, habari za majukumu.

Nina steshenari hapa Kirumba, Mwanza, kwenye barabara ya kushukia Mwaloni. Nachapa, natoa kopi, napiga picha za paspoti, nawajazia vijana maombi ya mkopo wa Bodi msimu wake ukifika, na wafanyabiashara wa dagaa nawaandikia mikataba yao. Kompyuta ninayo moja tu, deskitopu ya mtumba. Zamani ilikuwa nzito sana, fundi akaniwekea SSD ndogo, zile diski mpya za kasi, ikawa ndiyo C, ile diski yake ya zamani ikabaki kuwa D. Kazi zote za wateja ziko D.

Tatizo lilianza kipindi cha masika. Nikiwasha asubuhi, kabla Windows haijafunguka, inatokea skrini nyeusi yenye maandishi meupe inasema inakagua na kurekebisha diski (D:), halafu asilimia zinaanza kupanda. Kuna siku inamaliza upesi, kuna siku inaganda kwenye 11 na haisogei mpaka wateja wanajaa mlangoni. Wengi wao wanawahi mitumbwi ya visiwani, na mtumbwi haumsubiri mtu anayesubiri kopi. Kwa hiyo zile sekunde za mwanzo zinapohesabiwa nabonyeza kitufe chochote ili iruke. Nikichelewa, naizima kwa kitufe cha nje na kuiwasha tena. Inafunguka, nafanya kazi. Kesho yake yale yale.

Jambo la pili ni hizi folda. D imejaa folda ambazo sikuzitengeneza mimi: found.000, found.001, mpaka found.006. Zimefifia, na nikizifuta naambiwa sina ruhusa, niombe kwa SYSTEM. Huyo SYSTEM ni nani, na kompyuta nimenunua mimi? Kuna nyingine inaitwa System Volume Information, hiyo hata kufunguka haitaki, na nimeiona mpaka kwenye flashi za wateja. Mmoja amenigombeza mbele za watu kwamba nimempa virusi. Na kuna folda yangu mwenyewe, PICHA PASPOTI 2023, ambayo sasa haifunguki wala haifutiki, inasema imeharibika na haisomeki.

Fundi aliyeniwekea SSD alipiga Windows upya. Kukawa shwari siku chache, ugonjwa ukarudi. Sasa kuna kijana mwingine anasema anaweza kuuzima huo ukaguzi usionekane tena, na zile folda atazifuta kwa amri zake. Hataki pesa nyingi. Mume wangu anasema nimpe tu tupumzike. Mimi nasita.

Nikuongezee: umeme ukikatika kompyuta inazimika papo hapo, na mashine ya fotokopi ikiwaka taa zinafifia kidogo. Halafu siku hizi duka likiwa kimya nasikia ndani ya kompyuta kamlio, tik, tik, tik, kananyamaza. Nifanyeje?

Mama Steshenari, Kirumba


JIBU

Dada yangu, usimpe. Na kabla hujaendelea kusoma, kuanzia dakika hii usihifadhi kitu kipya kwenye D. Kazi za leo ziweke C au kwenye flashi. Hako kamlio ulikokaweka mwishoni mwa barua ndiko kanakonitisha kuliko yote uliyoandika, nami nitakarudia.

Kwanza tumalize habari ya kupiga Windows, maana ndiko pesa yako ilikokwenda. Skrini yako inasema (D:). Windows inakaa C, kwenye SSD, na hakuna mahali ulipoandika kwamba C inakaguliwa. Fundi alifuta C, akapanga Windows mpya, akakukabidhi mashine, na D akaiacha kama alivyoikuta. Huko ni kupaka rangi mtumbwi unaovuja. Zile siku chache za nafuu zisikudanganye. Diski haikupona, ilikuwa haijapata dhoruba nyingine tu.

Sasa kwa nini ukaguzi unarudi kila asubuhi? Diski zilizofomatiwa kwa NTFS, mpangilio ambao Windows inautumia tangu 1993, zina alama moja ndogo ya ndiyo au hapana. Windows ikigundua hitilafu kwenye mpangilio wa mafaili, au mashine ikizimika vibaya kiasi cha kuutilia shaka, inaiweka alama hiyo. Asubuhi, kabla ya kitu kingine, programu ya ukaguzi inapita kwenye kila diski na kuuliza: una alama? Ikiikuta inaanza kazi, na kazi ikikamilika alama inaondoka. Wewe unabonyeza kitufe iruke, au unazima ikiwa 11. Kazi haijakamilika, alama imebaki, na kesho utaulizwa tena swali lile lile. Tena kuizima kwa nguvu katikati ya marekebisho ni hatari kuliko kuiruka, kwa sababu unaikata diski ikiwa inaandika.

Unaweza kuiona alama hiyo kwa macho yako. Bonyeza Start, andika cmd, bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Run as administrator. Kwenye dirisha jeusi linalofunguka andika:

fsutil dirty query D:

Jibu ni mstari mmoja, D ina alama au haina. Andika tena kwa C uone tofauti. Windows haina amri ya kuifuta alama hiyo kwa mkono, inaondoka kwa ukaguzi kukamilika.

Na hapo ndipo ujanja wa kijana wako unapoeleweka. Atakachofanya ni kuandika chkntfs /x D:, yaani kuiambia kompyuta ikifika kwa D asubuhi ipite bila kuuliza. Ni kazi ya sekunde kumi. Skrini nyeusi itapotea kweli, mume wako atafurahi, na uharibifu utaendelea kimyakimya mpaka siku D itakapogoma kufunguka kabisa. Ukihisi alishaigusa mashine yako, andika chkntfs /d, mambo yatarudi kama kawaida ya kiwandani.

Turudi kwenye tik tik. SSD haina kitu kinachozunguka ndani yake, haiwezi kutoa mlio wa namna hiyo. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono mwembamba wenye vichwa vya kusomea unaokwenda na kurudi juu yake. Mkono ukishindwa kusoma mahali unarudi nyuma na kujaribu tena, na tena. Huo ndio mlio unaousikia mara nyingi, na ndiyo sababu asilimia zinaganda kwenye 11: diski imefika kwenye eneo lisilosomeka na inahangaika nalo. Inawezekana pia ni waya wa umeme wa diski umelegea, nami ningefurahi ikiwa hivyo. Lakini usipange maisha yako kwa kutegemea waya.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kurekebisha. Ni kunakili. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi hukosea mpangilio: wanamwita fundi, fundi anaandika chkdsk D: /r kwa kujiamini, kisha anaenda kunywa chai. Amri hiyo inaisoma diski yote tangu mwanzo hadi mwisho ikitafuta sehemu mbovu. Kwa diski yenye afya ni saa kadhaa za kazi ya kawaida. Kwa diski inayokufa ni mbio za kilomita nyingi kwa mgonjwa wa moyo, na ikianguka njiani inaanguka na mafaili yako. Zaidi ya hapo, kazi ya ukaguzi ni kuunyoosha mpangilio wa diski. Ikikuta faili ambalo habari zake hazieleweki italikata au kuliondoa ili hesabu zilingane. Haijui kwamba faili hilo ni mkataba wa mtu.

Nunua diski ya nje au omba ya kuazima. Kama huna, hata flashi kubwa itaokoa yale ya muhimu. Usianze kwa kuburuta D nzima. Anza na ambavyo huwezi kuvipata tena: mikataba, hesabu za duka, barua na fomu ulizochapa kutoka kwenye karatasi ambazo wenyewe wameshazipoteza. Picha za paspoti baadaye, mteja anaweza kurudi akapigwa nyingine. Nyimbo na filamu mwisho kabisa, au ziache ziende.

Ukinakili kwa kuburuta na mausi, kompyuta ikikutana na faili bovu inaganda na kila kitu kinasimama. Tumia amri hii, ukibadilisha jina la folda na herufi ya diski ya nje kufuatana na ulichonacho:

robocopy D:\KAZI F:\KAZI /e /r:1 /w:1

Ile /e inachukua folda zote zilizomo ndani. Zile mbili za mwisho ndizo muhimu kwako: zinasema faili likigoma, jaribu mara moja tu zaidi, subiri sekunde moja, endelea na lingine. Usipoziandika, robocopy ina desturi ya kujaribu faili moja mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Utazeeka hapo Kirumba. Mwishoni inatoa jedwali linaloonyesha mangapi yamekwenda na mangapi yameshindikana. Piga picha jedwali hilo kwa simu.

Kama wakati wa kunakili tik tik inazidi na diski inapotea kwenye orodha kisha inarudi, zima kompyuta. Usijaribu tena. Kama kuna kitu humo ambacho thamani yake inazidi bei ya kompyuta yenyewe, mpelekee mtu mwenye kazi hiyo tu, ya kuokoa data, na umwambie tangu mwanzo kwamba ilikuwa inalia. Na tafadhali asitokee jirani wa kukushauri uiweke kwenye friji usiku kucha. Ushauri huo unazunguka miaka na miaka, na kinachopatikana zaidi ni unyevu juu ya sahani.

Kunakili kukiisha ndipo tumuulize mgonjwa anaumwa nini. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, si kwenye kurasa zenye vitufe kumi vya rangi ya kijani. Inasoma kumbukumbu ambazo diski inajiwekea kuhusu afya yake. Bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi. Shuka kwenye orodha uangalie mistari yenye alama 05, C5, C6 na C7. 05 ni sehemu ambazo diski imeshaona ni mbovu ikazihamishia kwenye akiba yake. C5 ni zile inazozishuku, imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua. C6 ni zile zilizoshindikana. Safu ya mwisho kulia ikiwa sifuri tupu, vizuri. Ikiwa na namba, iandike, uangalie tena baada ya siku mbili tatu. Namba inayopanda ni diski ya kubadilishwa, hakuna mjadala wala maombi. Angalizo dogo: programu hiyo kwa kawaida inaandika namba kwa hesabu ya kompyuta ya kumi na sita, kwa hiyo ukiona 10 ujue ni kumi na sita, wala usishangae ukikuta herufi A au F katikati ya namba.

C7 ni habari nyingine. Hiyo inahesabu mara ambazo mawasiliano kati ya diski na ubao wa kompyuta yaliharibika njiani. Ikiwa C7 ina namba kubwa na 05, C5 na C6 ni sifuri, mshukiwa wa kwanza ni waya mwembamba bapa unaoitwa SATA. Fundi alipoingiza SSD alifungua kava, akasogeza waya, pengine akakuwekea uliochoka. Waya mpya ni bei ya soda chache. Ila namba ya C7 haishuki hata ukibadilisha waya. Unachotazama ni kama imeacha kupanda.

Kuna ushahidi mwingine ambao mafundi wengi hawaufungui, nao umekaa ndani ya Windows yako bure. Andika Event Viewer kwenye Start, ingia Windows Logs, kisha System. Kuna foleni ndefu ya matukio yenye namba. Namba 41 inayotoka Kernel-Power maana yake mashine ilizimika bila kuagwa: umeme, au kidole chako kwenye kitufe. Namba 7 kutoka disk ni diski imekiri kwamba ina sehemu mbovu. Namba 153 ni kusoma au kuandika kulikwama ikabidi kurudiwe, na hapo anaweza kuwa diski au waya. Namba 55 ni NTFS yenyewe inalalamika kwamba mpangilio umevurugika. Ukikuta 41 nyingi na 55 baada yake, bila 7, basi diski yako inauawa na umeme na bado inaweza kuokolewa. Ukikuta 7 zimepangana, umeme si kesi tena. Kwa kuwa ulishapiga Windows upya, kumbukumbu za zamani zimefutika pamoja nayo, utaona za kuanzia hapo tu. Zinatosha.

Tuseme majibu ni mazuri: 05, C5 na C6 ni sifuri, waya umebadilishwa, mlio umekoma. Sasa, nasema sasa, iache D ikaguliwe mpaka mwisho. Huhitaji hata kuizima kompyuta, maana D si diski ya Windows. Funga kila kitu, fungua lile dirisha jeusi, andika chkdsk D: /f. Ikikuuliza kama ilazimishe kuiachia diski kwa muda, jibu Y. Fanya hivyo baada ya kufunga duka na umeme ukiwa umetulia. Ikimaliza, uliza tena kwa fsutil. Alama ikiwa imeondoka, kesho asubuhi utafungua duka bila skrini nyeusi. Alama ikirudi ndani ya siku chache bila umeme kukatika, diski inakudanganya, ibadilishe.

Na zile folda? Hapa nilikuwa nasubiri kufika, kwa sababu unataka kuzifuta kama uchafu na wala si uchafu. Ukaguzi unapokuta vipande vya faili visivyo na mwenyewe, au folda iliyokatika kutoka kwenye mti wake, hautupi. Unatengeneza folda ya found.000 na kuvitia humo. Mara nyingine found.001, na kuendelea. Kwa hiyo zile saba zako ni daftari la ajali: kila moja ni mara ambayo ukaguzi ulikuta kitu kimevunjika na ukafanikiwa kuokoa vipande. SYSTEM uliyemuuliza ni Windows yenyewe ikifanya kazi kwa jina lake. Ndiye aliyeziunda, ndiye mwenye ruhusa, hata kama risiti ya kompyuta ina jina lako.

Na ile PICHA PASPOTI 2023 yako haifunguki kwa sababu orodha yake ya ndani imevunjika. Haifutiki kwa sababu hiyo hiyo: ili Windows ifute folda lazima kwanza iisome ijue kuna nini. Hakuna amri ya kijana yeyote ya kuomba ruhusa itakayosaidia, tatizo lake si ruhusa. Chkdsk ndiyo itakayoinyoosha au kuivunja kabisa, na ikiivunja, picha zilizobaki zitakwenda wapi? Kwenye found nyingine. Pengine baadhi zimeshakwenda huko, na wewe unahangaika kuzifuta.

Kwa hiyo zichungulie kwanza. Kama siku moja huzioni, kwenye File Explorer fungua View, washa kuonyesha vilivyofichwa, na kwenye Options ondoa tiki ya Hide protected operating system files. Ikikunyima kuingia, kwenye dirisha jeusi la amri andika hizi mbili, moja baada ya nyingine:

takeown /f D:\found.000 /r /d y
icacls D:\found.000 /grant administrators:F /t

Ya kwanza inahamisha umiliki kuja kwako, ya pili inakupa ruhusa. Soma mara mbili ulichoandika kabla ya kubonyeza Enter. Amri hizi zikielekezwa kwenye C:\Windows kwa bahati mbaya zinavuruga ulinzi wote wa mfumo, na safari hiyo utahitaji kupiga Windows kwa sababu ya kweli.

Ndani utakuta vitu vya aina mbili. Vyenye jina kama dir0000.chk ni folda zilizookolewa nzima, zifungue, mara nyingi mafaili ya ndani yana majina yake ya asili. Vyenye jina kama file0000.chk ni vipande visivyo na jina. Kimoja kimoja kifungue kwa Notepad uangalie mwanzo tu wa mstari wa kwanza. Ukiona %PDF, badilisha mwisho wa jina kuwa .pdf. Ukiona JFIF au Exif karibu na mwanzo, ni picha, weka .jpg. Ukiona herufi PK, ni nyaraka ya Word au Excel ya kisasa, jaribu .docx kisha .xlsx. Usiokote kila kipande, utachoka bure. Vingi vitakuwa takataka za programu. Tafuta picha na nyaraka, zilizobaki ziage. Ukimaliza:

rd /s /q D:\found.000

Amri hiyo haiulizi mara mbili na wala haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Rudia kwa zilizobaki.

System Volume Information iache kabisa. Windows inahifadhi humo nukta za kurejesha mfumo na kumbukumbu zake nyingine, na ukiifuta inajitengeneza upya. Kama inakula nafasi kubwa, punguza kiwango chake kwenye System Protection, si kwa kuifuta. Kwenye flashi za wateja, Windows kuanzia toleo la 8 inaiweka yenyewe flashi inapochomekwa, ikiwa na mafaili mawili madogo sana ndani. Mwambie yule aliyekugombeza kwamba hata kompyuta ya nyumbani kwake inafanya hivyo hivyo. Virusi vya flashi vina tabia nyingine: folda zote zinageuka kuwa njia za mkato na za kweli zinafichwa. Hapo safisha kwanza kwa antivirasi, kisha, kama flashi ni E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda zitajitokeza. Ukijua hilo tu, kwenye steshenari utapata wateja wa ziada.

Kama kwenye C nako umeona folda ya Windows.old, hiyo ni Windows ya zamani iliyobaki baada ya fundi wako. Andika Disk Cleanup, bofya ya kusafisha mafaili ya mfumo, itafute humo uiondoe. Usiiburute kwa mkono.

Sasa umeme. Taa zinazofifia fotokopi ikiwaka zinakuambia kitu. Fotokopi na printa za leza zina sehemu ya kupasha moto wino wa unga ushike kwenye karatasi, na sehemu hiyo inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Kama kompyuta iko kwenye ekstensheni moja na fotokopi, inapata mtikisiko kila mteja anapoomba kopi. Zitenganishe, kila moja soketi yake ya ukutani. Kisha nunua UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Hata ya 650VA inatosha deskitopu moja na skrini yake kwa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu. Usithubutu kuchomeka fotokopi wala printa ya leza kwenye soketi za betri za UPS, itazidiwa. Na usikae ukichapa gizani kwa sababu UPS bado inalia. Inalia ili uzime.

Ukinunua diski mpya ya D, nakuomba iwe SSD kama mfuko unaruhusu, na ile diski ya nje uliyoitumia kunakili isirudi kabatini kulala. Kila jioni, kazi za siku nzima ziingie humo, kisha uichomoe.

Kuhusu diski ya zamani, usimuuzie mtu wa vyuma chakavu wala kumwachia fundi kama sehemu ya malipo. Ina nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti, saini na namba za simu za watu waliokuamini, na tangu 1 Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Kufuta tu hakutoshi, hasa kwa diski ambayo haitii amri. Ikishakuwa haina cha kuokoa, itobolewe kwa drili, tundu lipite kwenye sahani zenyewe, ukiwa umesimama hapo unaangalia.

Niandikie namba za 05, C5, C6 na C7 ukizipata, pamoja na picha ya jedwali la robocopy. Kama katika hizo C5 ina chochote zaidi ya sifuri, usisubiri jibu langu ndipo ukanunue diski.